Kiapo Alichokikataa Mzee Hasani

Rubingo ulikuwa mji wa barabara moja. Barabara ilianzia juu kilimani penye kanisa, ikateremka kati ya maduka, ikapita ubavuni mwa msikiti mdogo wa bati, ikaishia kwenye tope la kivukoni. Baada ya hapo ni mto Ruvubu, mweusi na mzito, na ng'ambo ya mto ni Burundi. Siku za gulio Warundi walivuka na mawese, vikapu na mbuzi, wakarudi kwao na chumvi, sabuni za mche na mafuta ya taa. Wanawake wa Murusagamba walishuka na ndizi na maharage vichwani. Jioni wanywaji wa pombe ya ndizi walipanda kilima wakiimba. Wakisikia adhana walinyamaza mpaka ikaisha, kisha wakaendelea na wimbo wao pale walipouachia. Mhangaza, mwenyeji wa upande huu, na Mrundi hawakuhitaji mkalimani, maana lugha zao zinakaribiana mno. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha ofisini na cha kupatana bei.

Katika maduka yale, la kwanza ukitoka mtoni lilikuwa la Mzee Hasani. Babu yake alifika huko na misafara kutoka mrima, akaoa mwanamke wa Kihangaza, akafa na kuzikwa nyuma ya msikiti. Hasani mwenyewe hakuwahi kuiona bahari. Hata hivyo watu walimwita Mswahili, naye hakuona ubaya. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye maneno machache, na sifa yake ilikuwa moja tu: hakusema asichokiona. Watu wakigombania mpaka wa migomba, Wakatoliki kwa Waislamu, walikwenda kumuuliza yeye. Alichosema Hasani kilikubaliwa, hata na yule aliyeshindwa.

Nduwayo aliletwa Rubingo mwaka wa sabini na mbili, mgongoni mwa mama yake, wakati wa mauaji ya kule kwao. Mama alivuka na jeraha la ubavuni. Alipokelewa na mjane mmoja Mkatoliki aitwaye Speciosa, aliyekuwa na shamba la migomba kando ya mto na hakuwa na mtoto. Yule mama hakupona. Speciosa akamzika shambani kwake, akamchukua mtoto, akamlea kwa uji wa mtama na maziwa ya kuomba kwa majirani. Mtoto alipokua alimwita mama, kwa kuwa hakumkumbuka mwingine.

Alikulia majini. Alijua mahali viboko wanapolala na mahali maji yanapozunguka mvua za masika zikizidi. Alipokuwa kijana alichonga mtumbwi wake wa gogo, akawa ndiye mvushaji wa Rubingo. Kila aliyevuka alikaa kimya kwenye mtumbwi wa Nduwayo, kwa sababu Nduwayo mwenyewe alikuwa mkimya, akisukuma upondo taratibu kama mtu anayetwanga.

Raya, binti pekee wa Mzee Hasani, alimpenda tangu wakiwa shule ya msingi. Baba yake alikataa kwa muda mrefu. Hakusema kwamba kijana ni Mrundi wala kwamba ni maskini. Alisema tu kwamba si wa dini yao. Nduwayo akaingia dini. Akajifunza sala, akaacha pombe, akapewa jina la Anuari, na Mwanaisha, mama yake Raya, akamwambia mumewe kwamba sasa hana tena la kusingizia. Ndoa ikafungwa. Mji mzima uliendelea kumwita Nduwayo, isipokuwa Mzee Hasani, ambaye alimwita Anuari kila siku, hata akiwa amemkasirikia. Wakapata mtoto wa kike wakamwita Swaumu, kwa kuwa alizaliwa mwezi wa Ramadhani.

Mwaka wa tisini na tatu Burundi iliharibika tena. Watu walitokea kwenye matete ya ng'ambo kwa makundi, wengine na magodoro, wengine mikono mitupu, wengine na damu. Nduwayo alivusha kutoka alfajiri mpaka giza, siku baada ya siku, bila kudai chochote, mpaka viganja vikapasuka na Raya akawa anamfunga vitambaa. Mzee Hasani alifungua duka akagawa kanga za kufunikia watoto wachanga, na alikuwa akisimama kwenye tope kuwashika wazee mkono. Siku moja alimtazama mkwe wake akirudi kwa mara nyingine ng'ambo, peke yake mtumbwini, amechoka hata kichwa kinaning'inia. Alimwambia Mwanaisha jioni ile kwamba Mungu alikuwa amempa mtoto wa kiume, na yeye alikuwa amechelewa kumtambua. Mwanaisha akamwambia amwambie mwenyewe. Hakumwambia. Halikuwa jambo la kawaida yake.

Mwaka uliofuata Wanyarwanda walimiminika, na Kagera ikabeba maiti, na watu wa Rubingo wakaacha kula samaki ingawa mto wao ulikuwa mwingine. Wilaya ikajaa. Miti ilikatwa mpaka vilima vikabaki na visiki. Mbuzi walipotea, migomba ilivunwa na wasioipanda, magari meupe yalipita kwa kasi yakirusha vumbi kwenye vyakula vya sokoni. Watu waliowapokea wakimbizi kwa uji walianza kufunga milango. Wanyarwanda waliporudishwa kwao, Warundi wakabaki, na vita ya kwao ikawa inasikika hata Rubingo: milio ya mbali alasiri, kama mtu anayegonga bati. Ilisemwa kwamba wapiganaji huvuka mto kuja kupumzika upande huu. Nani anawavusha? Halikuwa swali lililohitaji kufikiriwa sana katika mji wenye mvushaji mmoja.

Nduwayo alisikia maneno hayo. Alimwambia mkewe kwamba hakuwahi kumuuliza mtu anakwenda wapi na hangeanza sasa. Hata hivyo alipunguza safari, kisha akaacha kabisa, na mtumbwi ukalala matopeni ukiwa umepinduliwa. Akawa analima kwa Speciosa.

Amri ilikuja mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba. Warundi wote wanaoishi vijijini wakusanywe na kupelekwa kambini. Redio ilisema, na Desderius, mwenyekiti wa kijiji, aliitangaza baada ya misa na baada ya sala ya Ijumaa. Mwanzoni hakuna aliyedhani kwamba inamhusu Nduwayo. Ilikuwa ya vibarua waliolala kwenye mashamba ya watu, ya wale waliokuja majuzi. Raya mwenyewe alicheka jirani alipomuuliza kama amefunga mizigo.

Askari walikuja siku ya gulio. Waliziba barabara juu na chini, wakawasukuma watu wote kwenye uwanja wa shule. Mkuu wao alikuwa mtu wa makamo, aliyetoka mbali, mwenye sauti ya upole ya mtu asiyependa kazi aliyopewa. Alieleza utaratibu. Ambaye ni mzaliwa wa upande huu ataje wazee wanaomjua, wazee waseme mbele ya watu, naye atakwenda nyumbani. Ambaye hana wa kumsemea apande lori.

Ilikwenda haraka kuliko ilivyodhaniwa. Wazee walisimama wakasema, na wengine walisema uongo waziwazi, kwa ajili ya wakwe zao na vibarua wao, na yule mkuu aliwaachia kwa kutikisa kichwa. Nduwayo alipoitwa, Speciosa hakungoja kuulizwa. Alikwenda mbele na fimbo yake, akatoa rozari kifuani, akaiinua.

"Huyu nimemzaa mimi," alisema. "Nimemzaa kwenye nyumba yangu pale mtoni, na Bikira Maria ananisikia."

Hapakuwa na mtu mzima asiyejua kwamba Speciosa hakuzaa. Hakuna aliyesema kitu.

Pengine ingeishia hapo. Lakini askari mmoja alimnong'oneza mkuu wake, na mkuu akamtazama Nduwayo vizuri zaidi. Akasema ameambiwa kwamba huyu ndiye mwenye mtumbwi. Kwa mtu wa mtumbwi neno la mama peke yake halitoshi. Akamuuliza Desderius ni nani hapa ambaye neno lake halina shaka. Desderius hakutaka kujibu. Alitazama chini, akakuna shingo, mwishowe akasema ni Mzee Hasani, mwenye duka. Mkuu akauliza kama mzee huyo ni Mwislamu. Akaambiwa ndiyo. Akamtuma mtu msikitini kuleta msahafu.

Raya alikuwa amesimama kati ya wanawake, Swaumu kashika kanga yake. Alipoona baba yake anatoka mbele, alipumua. Alisema baadaye kwamba ilikuwa pumzi ya mwisho ya raha aliyopata kuvuta.

Mzee Hasani alitawadha kwa maji ya kopo, akapokea msahafu kwa mikono miwili. Mkuu akamwomba, kwa adabu, aape kwamba mtu huyu amezaliwa upande huu wa mto.

Hasani alitazama kitabu, akamtazama mkwe wake, akatazama tena kitabu.

"Nitaapa kwamba ni mtu mwema," alisema. "Nitaapa kwamba hajaiba, hajaua, na kwamba ameishi hapa tangu hajajua kutembea. Nitaapa kwamba ni mwanangu."

"Sikuuliza hayo, Mzee. Amezaliwa wapi?"

Speciosa akasema kwa Kihangaza, kwa sauti ya chini lakini uwanja mzima ulimsikia, "Hasani, sema neno moja tu. Mungu atanidai mimi."

Mzee Hasani akarudisha msahafu kwa yule aliyeuleta. "Siwezi kuapa," akasema. "Aliletwa na mama yake kutoka ng'ambo. Nilikuwepo."

Raya alikaa chini pale alipokuwa, na Mwanaisha akamshika mtoto. Mkuu wa askari alionekana kama aliyetarajia jibu lingine, na kama asiyelifurahia alilopata. Akaashiria lori.

Nduwayo hakuvutwa. Alipita mbele ya baba mkwe wake, akasimama, akainamisha kichwa kama afanyavyo kila asubuhi akimwamkia.

"Umesema kweli, Baba," alimwambia. "Naomba unitunzie watoto."

Alisema watoto, ingawa walikuwa na mmoja tu. Raya alikuwa na mimba changa, na baba yake hakuwa ameambiwa bado. Hivyo ndivyo Hasani alivyojua.

Siku ileile Raya alihama kwa baba yake, alikokuwa akiishi vyumba vya nyuma ya duka, akaenda kwa Speciosa. Hakugombana na baba yake. Alifunga vitu kwenye shuka, akamwita Swaumu, akateremka barabara. Mwanaisha alimfuata mpaka kwenye migomba akilia na kumsihi, na Raya akamwambia yeye hana kosa na mlango uko wazi kwake. Mimba ile ilitoka kabla mvua hazijaisha.

Kambi ilikuwa mbali na mto, kwenye kilima kikavu, ambako maji yaliletwa kwa magari na watu walipanga madumu kuanzia alfajiri. Raya alikwenda kila alipopata lori la ndizi la kumbeba. Alimkuta mumewe kwenye kibanda cha turubai kati ya watu asiowajua. Walikuwa wamemweka kando. Kirundi chake kilikuwa na lafudhi ya upande huu, alisali peke yake, hakujua mlima wala kijiji chochote walichokitaja, na alipoulizwa baba yake ni nani alishindwa kujibu. Kule Rubingo alikuwa Mrundi. Kambini walimwita Mtanzania, na walimshuku kwamba amewekwa kusikiliza.

Hakulalamika. Raya alisema kilichomwumiza zaidi kukiona ni mikono. Mikono ile haikuwa na kazi. Alikuwa akikaa mlangoni akiipapasa magotini, mbele na nyuma, bila kujua kwamba anafanya hivyo.

Safari ya tatu au ya nne Raya alimwambia ameamua. Yeye na Swaumu watajiandikisha hapo kambini kama Warundi, wakae pamoja. Alidhani atafurahi. Nduwayo alikataa kwa ukali ambao hakuwahi kumwonyesha.

"Ukiandikwa humu, mtoto atakuwa mkimbizi," alisema. "Atakua mkimbizi, ataolewa na mkimbizi. Siku moja watamwambia arudi kwao, naye atauliza wapi. Mimi najua. Mwache huko huko."

Raya akamwambia kwamba mtoto anamlilia.

"Atanyamaza," alisema Nduwayo. "Mimi nilinyamaza."

Wakati huo Mzee Hasani alikuwa amefunga duka siku nyingi kuliko alizofungua. Alianza kwenda Ngara mjini. Alikaa kwenye mabenchi ya ofisi, amevaa kanzu safi, na alipoulizwa shida yake alisema amekuja kusahihisha neno. Alirudishwa, akaenda tena. Mwanaisha alimpikia chakula cha njiani bila kumuuliza lolote, kwa sababu tangu siku ya uwanja walikuwa wanazungumza kuhusu chumvi na kuni tu. Mwishowe alipokelewa na ofisa mmoja kijana, aliyemkaribisha kwa shikamoo na kumpa kiti. Hasani akamwambia kwamba yuko tayari kuapa. Kwamba Nduwayo, yaani Anuari, amezaliwa Rubingo, nyumbani kwa Speciosa. Akaomba aletewe msahafu.

Yule kijana alimtazama kwa huruma. Alimwambia kwamba habari za kesi hiyo anazo. Wengine wangeweza kubadilisha maneno yao, alisema, kwa kuwa walijulikana kuwa ni watu wa kubadilisha. "Lakini wewe, Mzee, ulisema mwenyewe mbele ya watu wote, na kila mtu anasema wewe husemi uongo. Sasa nikuamini lipi?"

Hasani alisafiri kurudi nyuma ya lori la chumvi, na watu waliokuwa naye walisema hakuketi njia nzima. Alisimama ameshika bomba, ingawa palikuwa na nafasi.

Alikwenda kwa Speciosa siku iliyofuata. Raya alikuwa shambani akipalilia, akamwona, akaendelea kupalilia. Speciosa ndiye aliyemkaribisha. Alikuwa amekonda, anakohoa, na walikaa pamoja kwenye kigoda na mkeka kama wazee wafanyavyo. Hasani alimweleza alikotoka na alichosema huko. Speciosa alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo uongo umeukubali," alisema.

"Nimeukubali."

"Umechelewa nao." Hakusema kwa ubaya. Alimmiminia maji ya kunywa, akamwambia kwamba hamchukii, lakini asimwombe Raya kitu chochote, kwa sababu Raya hana cha kumpa.

Kikohozi cha Speciosa hakikuondoka. Kiangazi kilipoanza alikuwa hawezi kutoka kitandani. Mapadri walimpa mafuta matakatifu. Alimwita mwanawe mchana kutwa, wakati mwingine kwa jina lake, wakati mwingine kwa jina alilomwita akiwa mdogo, jina ambalo Raya hakuwahi kulisikia. Dereva mmoja wa lori la ndizi akapeleka habari kambini. Kutoka nje ya kambi kulihitaji ruhusa, na ruhusa ya kwenda mbali kiasi hicho haikuwa ikitolewa. Nduwayo aliomba, akakataliwa. Akaondoka bila hiyo, kwa miguu.

Speciosa alifariki kabla hajafika. Habari za kwamba mwanawe yuko njiani zilikuwa zimetangulia, maana mtu alimwona akipita pembeni mwa barabara, akitembea kwa haraka, viatu mkononi. Kwa hiyo walimngoja. Kaburi lilikuwa limechimbwa kwenye migomba, jirani na lile la mama yake wa kwanza. Padri aliposema saa inapita, Desderius alimwomba wasubiri kidogo. Jua lilikwenda. Waislamu wa mjini walikuwa wamekuja pia, wamekaa upande wao, na Mzee Hasani alikuwa kati yao, macho kwenye njia. Swaumu alipanda kwenye kichuguu ili amwone baba yake mapema. Mama yake hakumwambia ashuke.

Mwishowe walimzika. Mtu wa kwanza kutupa udongo anapaswa kuwa mtoto wa marehemu, na hakuwepo. Raya akatupa kwa niaba yake.

Ukweli wa kilichotokea walikuja kuupata kwa vipande. Vijana wa ulinzi wa kijiji cha jirani walikuwa na kizuizi barabarani, mwendo wa asubuhi moja kutoka Rubingo. Walimsimamisha. Aliwaambia anakwenda kumzika mama yake. Walimuuliza kwao wapi, akasema Rubingo. Walimuuliza kama ana mtu wa kumthibitisha, akataja jina la Mzee Hasani, mwenye duka. Mmoja wao alimjua Hasani. Alisema Mzee Hasani ndiye yule aliyeapa kwamba mtu huyu ni Mrundi. Haikuwa hivyo hasa, lakini ndivyo habari ilivyokuwa imesafiri. Wakamkabidhi kwa askari waliokuwa wakipita na kundi la wengine waliokamatwa nje ya kambi. Kundi lile lilipelekwa mpakani jioni hiyohiyo, likavushwa.

Alivushwa mto na mtu mwingine, kwenye mtumbwi wa mtu mwingine. Ng'ambo, wakati ule, milio ilikuwa kila siku.

Raya alikwenda kila ofisi iliyokuwa na mlango. Alikwenda kambini, kibanda kilikuwa na familia nyingine. Alikwenda kwa Mapadri, ambao waliandika kwa wenzao wa upande wa pili, na wenzao wakajibu kwamba eneo lile halina mtu tena, wote wamekimbilia vilimani au wamekufa. Mwanamke mmoja aliyevuka kwa siri alisema alimwona mtu mrefu asiye na viatu akiombwa kitambulisho kwenye kizuizi cha wanajeshi. Mwingine alisema hapana, yule hakuwa mrefu. Baada ya hapo hakuna aliyesema chochote.

Kivuko kilifungwa. Gulio lilidhoofika, kisha likawa la wanawake wachache wenye mafungu ya nyanya. Maduka mawili yalihama. Matete yakaota mpaka mahali watu walipokuwa wakifulia nguo.

Raya aliuza mbuzi wa Speciosa, akaondoka na Swaumu kwenda Biharamulo, akapata mahali Nyakahura kwenye soko la barabarani. Aliuza maharage na unga wa muhogo. Alipata watu wa kumposa, akakataa bila kueleza. Si mke wala si mjane, alisema mama yake, na hakuna shehe aliyeweza kumwambia ni nini.

Kila baada ya mavuno Mzee Hasani alisafiri kwenda kumwona. Alikuwa amezeeka ghafla, amepinda. Raya alimpokea kama binti anavyompokea baba. Alimwamkia shikamoo, akamwekea maji ya kunawa, akampikia ndizi kwa nyama kama alikuwa na nyama, akamtandikia kitanda chake mwenyewe. Alimuuliza habari za mama. Alijibu kila alichoulizwa. Hakukuwa na kosa katika adabu yake, na hakukuwa na kitu kingine ndani yake. Hasani alikuwa akirudi kutoka huko, Mwanaisha alisema, kama mtu aliyetoka kuwekewa matanga yake mwenyewe akiwa hai.

Mara ya mwisho alipokwenda, Swaumu alikuwa amekuwa msichana wa kutosha kuachiwa meza sokoni. Raya alikuwa amekwenda kununua magunia. Babu na mjukuu walikaa pamoja chini ya turubai, msichana akimenya maharage mabichi, babu akiwa na mikono juu ya fimbo. Lori lilipita, vumbi likatulia. Swaumu aliuliza bila kuinua macho.

"Babu, ni kweli walikupa msahafu?"

"Ni kweli."

"Na ungesema neno moja tu angebaki?"

Mzee Hasani alifikiri. Bado alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, hata sasa. "Ndiyo," alisema. "Angebaki."

Swaumu akangoja, labda kuna zaidi. Kulikuwa na mambo mengi ambayo babu yake alikuwa ameyapanga kwa miaka, kuhusu kitabu, kuhusu Mungu, kuhusu mtu aliyeaminiwa na mji mzima, kuhusu ofisi za Ngara. Alifungua mdomo. Kisha akaona kwamba yote yale ni kweli na hayatamsaidia mtoto huyu kitu, akanyamaza.

Mteja alikuja akauliza bei ya unga. Swaumu akasimama kumpimia.